Baba Anakimbia, Mama Anaugua: Familia Yetu Ilivyojifunza Kutunza Afya Pamoja



Sisi ni mume na mke, waamini wa parokia moja iliyo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu kidogo ya mji wa Moshi. Mungu ametujalia watoto wanne. Wa kwanza yupo seminari ndogo, na wadogo zake watatu tunaishi nao hapa nyumbani pamoja na bibi yao, mama mzazi wa baba. Mseminari wetu alipokuja likizo alituomba tuandike yale tuliyojifunza kuhusu mazoezi na chakula, kwa sababu wenzake wengi wana wazazi wenye presha na kisukari. Sisi si madaktari wala wataalamu wa lishe. Tunayoyaandika tumefundishwa na wauguzi na wataalamu, kisha tumeyajaribu katika jiko letu wenyewe.

Medali ukutani

Mmoja wetu, yaani baba, ni mkimbiaji. Tangu mwaka 2003 mji wa Moshi umekuwa mwenyeji wa Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Wapo wanaokimbia kilomita 42, wapo wa kilomita 21, na wapo wa kilomita 5 wanaokwenda kwa furaha tu. Baba amekimbia zile za kilomita 21 mara nyingi, na medali zake zimetundikwa sebuleni chini ya picha ya Familia Takatifu. Wageni walipozisifu, sote tulifurahi. Tulijiona kuwa ni familia ya mazoezi.

Jumapili moja baada ya Misa ya pili kulikuwa na upimaji wa afya katika ukumbi wa parokia. Baba alipimwa presha akakutwa na 118 kwa 76. Mama alikutwa na 168 kwa 104. Muuguzi akamwambia apumzike kidogo, akampima tena, na bado namba zilikuwa juu. Akamuuliza kama anaumwa kichwa au anasikia kizunguzungu. Mama akajibu kwamba haumwi kitu, amechoka tu kama siku zote.

Muuguzi alimtazama baba aliyekuwa amevaa fulana ya mbio, akauliza, "Baba, wewe unakimbia saa ngapi?"

"Alfajiri, saa 11."

"Na saa hizo mama anafanya nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulirudi nyumbani kimya. Jioni, watoto walipolala, tulichukua daftari tukaandika asubuhi ya kila mmoja wetu. Saa 11 baba anavaa raba na kutoka. Saa hiyo hiyo mama anawasha moto, anachoma maandazi, anachemsha maji ya kuoga ya watu sita, anampa bibi dawa zake za kisukari na kuwaandaa watoto kwenda shule. Saa 1 baba anarudi na jasho lake, anakuta kila kitu tayari. Saa ile aliyokuwa akikimbia alikuwa anapewa na mtu mwingine, na kwa miaka kumi hakuwahi kujua kwamba anapewa.

Usiku ule mama alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema katika miaka 17 ya ndoa yetu: "Baba watoto, na mimi naomba saa moja."

Kwa nini mbio za mtu mmoja hazitoshi

Presha ya juu haina kelele. Mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kuumwa popote, huku ikiichosha mishipa ya damu, moyo, figo na ubongo. Wengi huijua siku wanapopooza upande mmoja. Kwa mtu mzima, vipimo vya 140 kwa 90 au zaidi, vikirudiwa siku tofauti na kubaki hapo, huhesabiwa kuwa ni presha ya juu. Ndiyo maana mama hakupewa dawa siku ile ile. Alirudi kituo cha afya siku nyingine mbili, akapimwa tena, ndipo matibabu yakaanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kwa mfano kutembea kwa haraka, angalau dakika 150 kwa wiki, au yale ya nguvu angalau dakika 75. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za michezo inayowafanya wahemeke. Kazi za nyumbani zinachosha, na zinahesabika pia, lakini mama alikuwa anainama na kusimama kutwa nzima bila kupata nusu saa ya kwenda mwendo mmoja wala nusu saa ya kupumzika.

Tena, miguu haiwezi kulipa madeni yote ya mdomo. Soda ya kawaida ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 hadi 39 za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Baba alikuwa na desturi ya kujipongeza kwa soda mbili na chipsi mayai baada ya kila mbio ndefu, na kuwaletea watoto zao kama zawadi. Yeye mwenyewe aliweza kuichoma nguvu ya soda moja kwa kukimbia kilomita kama mbili. Watoto walikunywa wakiwa wamekaa. Bila kukusudia tulikuwa tunawafundisha kwamba malipo ya mazoezi ni soda. Na chumvi haikimbiliki: aliyezoea kula chumvi nyingi anatakiwa kuipunguza chunguni.

Tulianza kwa kupima

Hatukuanza na vyakula vipya. Tulianza kwa kujua tunatumia kiasi gani cha vile tulivyonavyo.

Ushauri wa kimataifa ni kwamba mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na watoto wapate pungufu ya hapo. Kwa nyumba ya watu sita, hata tukiwahesabu wote kuwa watu wazima, hiyo ni gramu 30 kwa siku, au gramu 900 kwa mwezi. Tukaandika kwenye pakiti ya nusu kilo tarehe tuliyoifungua. Iliisha baada ya siku tisa! Tulikuwa tunakula karibu mara mbili ya kipimo, bila kuhesabu chumvi iliyomo kwenye vile vipande vya kuungia mchuzi, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi.

Tuliondoa kikopo cha chumvi mezani. Tukaacha vile vipande vya kuungia, tukaweka kitunguu saumu, tangawizi, nyanya, karoti, pilipili hoho na ndimu. Wiki mbili za kwanza kila mtu alilalamika, na bibi alisema tunamlisha chakula cha wagonjwa. Wiki ya nne ndimi zilikuwa zimezoea, na chakula cha nje kikaanza kutuonekana chumvi tupu. Chumvi tunayotumia ni ile yenye madini joto, kwa sababu mwili unayahitaji. Tumepunguza kiasi, hatukubadilisha aina.

Kwa sukari tulifanya vivyo hivyo. Mtu mzima anashauriwa asizidi takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani kama vijiko 12 vya chai, na akiweza kuishia nusu yake ni bora zaidi. Mama alikuwa anakunywa vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja. Hivyo ni tisa. Akinywa na soda moja, anafika 18. Hatukuacha chai. Tulipunguza nusu kijiko kila wiki, tukaweka mdalasini na iliki, hadi tukafika kijiko kimoja kwa kikombe.

Maandazi ya kila asubuhi yamekuwa ya Jumapili tu. Siku nyingine tunachemsha viazi vitamu, magimbi au ndizi, au tunapika uji wa ulezi. Mafuta ya kula yamepungua, na mama amepata dakika 40 za asubuhi ambazo zamani zilikuwa za kukaanga.

Chakula kilikuwa kihambani

Jambo lililotufedhehesha kidogo ni kwamba vyakula tulivyoshauriwa tulikuwa navyo nyuma ya nyumba. Kihamba chetu kina ndizi, mnafu, maboga, maparachichi na mipapai. Tulikuwa tunauza maparachichi sokoni na kurudi na mkate mweupe na chupa za soda. Bibi ndiye aliyetukumbusha kwamba yeye alikua kwa kiburu cha ndizi na maharage, na kwamba siku ya soko alishuka na kupanda mlima kwa miguu na mzigo kichwani.

Kwa sasa tunapanga sahani kwa njia rahisi: nusu yake ni mboga na matunda, robo ni ugali, wali au ndizi, na robo nyingine ni maharage, kunde, dagaa, mayai au nyama. Zamani ugali ulikuwa mlima na mboga kijito pembeni. Kwa bibi mwenye kisukari mpangilio huu umesaidia zaidi, kwa sababu hali chakula chake peke yake tena. Anakula chungu kimoja na sisi, ila kipimo chake cha wanga kinaangaliwa.

Mambo matatu tuliyofundishwa yanafaa kujulikana na kila mpishi.

La kwanza ni kuhusu dona. Sembe iliyokobolewa imeondolewa ganda na kiini cha mahindi, na pamoja nayo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Dona hubaki navyo, na hushibisha muda mrefu. Lakini dona inataka mahindi safi. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo dona ya mahindi mabaya ni hatari kuliko sembe. Tunaanika mahindi juu ya turubai badala ya kuyamwaga ardhini, tunachambua punje zilizovunda, zilizopasuka au kubadilika rangi, na hatuwapi kuku hizo punje mbaya.

La pili ni chai. Chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Chungwa, papai au ndimu hufanya kinyume chake, husaidia. Hivyo sasa mlo unafuatwa na tunda, na chai inasubiri saa moja au zaidi. Kwa wasichana wanaokua na kwa kina mama hili si jambo dogo.

La tatu ni mboga. Mnafu na mchicha havihitaji kuchemshwa hadi vipoteze rangi. Dakika chache na mafuta kidogo vinatosha, kwani mafuta hayo kidogo husaidia mwili kupata vitamini A.

Mchakamchaka wa nyumbani

Baada ya chungu tukaja kwenye miguu. Kosa la kwanza la baba lilikuwa kumchukua mama na watoto kwa kasi yake mwenyewe. Siku ya kwanza mtoto wa darasa la nne alitapika njiani, na mama alisema harudii tena. Baba alijua kukimbia, lakini hakujua kukimbiza familia.

Muuguzi alitupa kanuni moja: nendeni mwendo ambao yule wa mwisho anaweza kuongea bila kukata pumzi. Mama aliruhusiwa na daktari wake kuanza kwa kutembea tu, dakika 20 siku tatu za wiki, kisha 30. Mwezi wa pili tuliingiza kukimbia dakika moja na kutembea mbili, tukirudia mara kumi. Hiyo ni nusu saa kamili. Ukifanya nusu saa mara tano kwa wiki umefika zile dakika 150. Hatujafika mara tano kila wiki. Wiki ya mavuno ya kahawa tunafika mara mbili, na wiki inayofuata tunaendelea bila kujilaumu.

Watoto hawapendi kukimbia barabarani kama askari. Wanapenda mchakamchaka wenye nyimbo, kama ule wa shuleni, na mtoto wa mwisho ndiye anayeimbisha. Siku nyingine wanacheza rede, wanaruka kamba au wanakimbizana kihambani. Hayo yote ni mazoezi kamili. Bibi anatembea hadi kwenye lango la kanisa na kurudi, akiwa na mjukuu mmoja. Kabla ya kutoka tunakagua miguu yake kama ina kidonda au malengelenge, anavaa viatu vilivyofunika vidole, na anabeba kitu kitamu mfukoni kwa sababu dawa zake zinaweza kushusha sukari ghafla.

Barabara zetu nyingi hazina njia ya watembea kwa miguu. Tunapita upande wa kulia ili tuyaone magari yanayotujia, na tunavaa nguo za rangi inayoonekana. Mtu akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata isivyo kawaida, anasimama hapo hapo na kupelekwa kituo cha afya. Na mazoezi hayaondoi dawa. Mama bado anameza vidonge vyake, na daktari peke yake ndiye wa kuvipunguza.

Siku tatu za wiki sasa baba ndiye anayewasha moto saa 11. Kukimbia kwake kumehamia jioni. Ugali wake wa kwanza ulikuwa na mabuje, lakini uliliwa.

Mwili na imani

Baadhi ya majirani walituuliza kama haya si mambo ya mjini, au ya watu wanaoabudu miili yao. Ni swali la haki. Katekisimu, katika namba 2288 na 2289, inasema mambo yote mawili: kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu tunazopaswa kuzitunza kwa busara, na kwamba mwili usigeuzwe kuwa sanamu ya kuabudiwa. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho waliokaa jirani na uwanja wa michezo ya Isthmia, alitumia mfano wa wakimbiaji kufundisha kiasi, na hapo hapo akawakumbusha kwamba taji lao la majani halidumu.

Kwetu sisi kipimo kimekuwa hiki: je, zoezi hili linanirudisha kwa watu wangu nikiwa na nguvu za kuwahudumia, au linanitenga nao? Medali za baba hazikuwa dhambi. Zilimfanya tu asione. Hata mbio zenyewe hufanyika Jumapili, na miaka ya nyuma aliwahi kukosa Misa kwa ajili yake. Sasa mkesha wa mbio tunakwenda wote Misa ya Jumamosi jioni, ambayo inatimiza wajibu wa Jumapili. Na kwa kuwa mbio mara nyingi huangukia karibu na Kwaresima, familia nzima huacha soda kwa siku zile 40, na fedha yake inaingia kwenye bahasha ya sadaka ya Kwaresima.

Ombi letu kwa mafrateri na wanajumuiya

Tunalo neno kwa mafrateri na waseminari. Mtakapokuwa mapadre mtatembelea nyumba nyingi, na katika kila nyumba mtafunguliwa soda na kuandaliwa nyama, kwa upendo kabisa. Mkikubali kila chupa, mtaumia. Mkikataa kwa ukali, mtamuumiza mwenyeji. Lakini padre akisema kwa upole, "Mama, naomba maji ya kunywa na kipande cha papai la hapa nyumbani," mama huyo hataona aibu tena kumkaribisha mgeni kwa alichonacho. Paroko wetu alifanya hivyo nyumbani kwetu, na tangu siku hiyo jumuiya yetu ndogo ndogo haidaiwi kreti la soda kila Jumamosi.

Kwa wanajumuiya, tunaomba sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara ziwe na maji, matunda na mboga mezani pamoja na pilau. Na baba yeyote mwenye raba, amuulize mkewe leo kama naye amepata saa yake.

Hatujamaliza. Kijana wetu wa kidato cha pili bado analalamikia dona, na juzi tulimkuta bibi ameficha sukari kwenye kopo la majani ya chai. Presha ya mama mara ya mwisho ilikuwa 134 kwa 86. Kwenye mbio zilizopita baba hakukimbia kilomita 21. Tuliandikisha kilomita 5, wote tukiwa na watoto, tukatembea zaidi ya nusu ya njia na kufika karibu na wa mwisho. Medali moja mpya imetundikwa ukutani, na ni ya mama.

Ukitaka kuanza, chukua kalamu leo uandike tarehe kwenye pakiti ya chumvi iliyopo jikoni kwako. Ikiisha, hesabu siku.